Tupeane uzoefu: enzi za chupa za maziwa za kioo, maziwa yakiletwa mpaka mlangoni

Mzee Kitambo (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Humu tupo wengi tuliowahi kuishi Uingereza, Marekani na kwingineko enzi zile maziwa yanaletwa mlangoni alfajiri kwenye chupa za kioo. Wapo waliokwenda kusoma, waliokwenda kufanya kazi hospitalini, na waliozaliwa hukohuko. Naomba tuziweke kumbukumbu hizo hapa, maana vijana wetu wakiziona zile chupa kwenye picha wanadhani ni mapambo ya mezani.

Nianze mimi. Nilifika Leicester mwanzoni mwa miaka ya 1980 kusoma, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane. Siku ya kwanza alinionyesha bafu, akanipa ufunguo, halafu akanifundisha utaratibu wa chupa kwa makini kuliko vyote hivyo. Maziwa yakiisha, isuuze kwa maji baridi palepale yasije yakagandia. Igeuze ichuruzike. Usiku kabla ya kulala itoe nje, iweke pembeni mwa mlango ambako mtu hataipiga teke. Asubuhi tupu imeondoka na iliyojaa ipo. Akitaka kubadili idadi aliandika kijikaratasi, akakiviringisha na kukichomeka kwenye shingo ya chupa tupu: "Leo painti mbili, tafadhali." Mwisho wa wiki mleta maziwa aligonga akiwa na daftari lake, wakapiga hesabu wamesimama hapohapo mlangoni, wakaulizana hali, akaenda zake.

Rangi ya kifuniko ndiyo iliyokuambia umeletewa nini. Foili ya fedha ni maziwa kamili, krimu imepanda juu unaiona kwa macho. Ya dhahabu ni ya ng'ombe wa Jersey na Guernsey, mazito na ya manjano kidogo. Fedha yenye mistari myekundu yamepunguzwa mafuta nusu. Yenye miraba ya buluu yameondolewa mafuta karibu yote, na mwenye nyumba wangu hakutaka hata kuyasikia.

Jambo lililonigusa mpaka leo ni kwamba ile chupa haikuwa mali yetu. Ilikuwa ya kiwanda, jina la kiwanda limeandikwa ubavuni, sisi tumeazimwa tu. Hatukuweka amana hata senti, na hakuna aliyetudai. Zilirudi kwa sababu kila nyumba iliona ni wajibu wake kuzirudisha. Na msidhani ni jambo la mtaa mmoja: katikati ya miaka ya 1970, zaidi ya asilimia 90 ya maziwa ya Uingereza yaliuzwa kwenye chupa za kioo. Kufikia mwaka 2012 yalibaki kama asilimia 4 hivi. Nchi nzima iliacha tabia yake ndani ya umri wa mtu mmoja.

Karibuni. Tuelezeni mlichoona, hata kama ni kidogo.

Sista Mstaafu

Shikamoo Mzee Kitambo. Uzi huu umenikuta penyewe.

Nilikuwa muuguzi Leeds, zamu za usiku miaka mingi. Ninyi mliokuwa mmelala mlikuta chupa tu. Sisi wa zamu tulikutana na wenye kazi wenyewe. Narudi nyumbani bado giza, mtaa mzima kimya, nasikia mvumo mwembamba wa lile gari la betri na chupa zikigongana kwenye kreti. Gari halina milango, dereva anashuka na kupanda bila kupoteza muda, mikono miwili imebeba chupa sita, vidole vimepita katikati ya shingo. Wakati wa barafu glavu zake zilikuwa zimekatwa ncha ili vidole vishike kioo, na ncha zenyewe zilikuwa nyekundu.

Nataka niseme habari ya jirani yangu. Bibi mmoja aliishi peke yake, watoto wako mbali. Asubuhi moja nikamkuta mleta maziwa amesimama mlangoni kwake, kashika chupa mpya, anaiangalia ya jana ambayo bado ipo palepale na kifuniko chake. Aliniona na sare yangu akaniita. Tuligonga, tukaita kupitia tundu la barua, tukasikia sauti hafifu. Bibi alikuwa ameanguka jikoni tangu jana yake, nyonga imevunjika. Alipona, akaishi miaka kadhaa baadaye.

Yule bwana hakuwa ndugu wala mtu wa serikali. Ila ndiye pekee aliyepita kila mlango kila siku, na chupa isiyoguswa ilimwambia kitu. Nimefanya kazi hospitalini maisha yangu yote, na sijaona bado kifaa cha kuwaangalia wazee kilichofikia hapo. Leo bibi kama yule hununua maziwa ya wiki nzima kwa mara moja, yanakaa kwenye friji, na hakuna anayejua kama ameamka.

Mpenda Ndege

Mimi niliishi karibu na Southampton na mchango wangu ni wa ndege.

Ukichelewa kuamka ulikuta foili imetobolewa na krimu ya juu imeliwa. Ni ndege wadogo, utosi wa buluu, kifua cha njano. Wanatua kwenye ukingo wa chupa, wanadonoa foili mpaka inachanika, wanachovya mdomo. Nilishawatazama dirishani: anayekula anainamisha kichwa chote ndani ya shingo ya chupa, mwingine anangoja zamu juu ya ukuta. Majirani waliacha kikombe nje ili mleta maziwa akifunike juu ya chupa, wengine jiwe bapa.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba tabia hiyo iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1921 huko Swaythling, pale pale Southampton. Watafiti James Fisher na Robert Hinde wakakusanya taarifa kutoka kwa watu wa kawaida nchi nzima wakazichapisha mwaka 1949, zikionyesha jinsi ilivyosambaa mji hadi mji. Kabla ya foili vifuniko vilikuwa vya kadi, na ndege waliviweza pia, waliviambua tabaka kwa tabaka.

Maziwa yalipoanza kuchanganywa kwa mashine hadi krimu isijitenge, na watu wakahamia ya mafuta kidogo, ndege hawakuwa na la kufuata pale juu. Ujuzi wao ukapotea polepole. Nasikitika kwa hilo kwa dhati. Vizazi vya ndege vilijifunza mlangoni kwetu, kisha mlango ukawa hauna kitu.

Baba Neema

Mpenda Ndege, asante sana. Nilikaa Coventry muda mrefu nikiamini ni panya.

Mwana wa Stratford

Mimi nilikuwa mtoto. Baba alikuwa anasomea sheria London miaka ya 1960, tukaandikishwa shule ya Stratford, mashariki ya mji.

Maziwa ya shuleni yalikuja kwenye chupa ndogo, theluthi ya painti, kama mililita 189. Utaratibu huo wa bure kwa watoto wote wa shule ulianza mwaka 1946. Kreti zilishushwa mlangoni asubuhi, na kulikuwa na mtoto wa zamu wa kugawa chupa na mwingine wa mirija. Kuwa mtoto wa zamu ilikuwa heshima. Mimi nilikuwa mgeni darasani, lugha inanipiga chenga, rangi yangu peke yangu, na mwalimu akanipa kazi ya kutoboa vifuniko kwa kidole gumba: unabonyeza katikati, foili inazama, unachomeka mrija. Kila mtoto alikuja mbele yangu na ilibidi aseme asante. Nilijua majina yao yote kabla ya wiki kuisha. Mwalimu yule aliona mbali.

Ladha yenyewe ilitegemea majira. Wakati wa baridi kali maziwa yaliganda na kuinua kifuniko juu kama kofia, basi kreti ikasogezwa karibu na hita, na ikisahaulika hapo unakunywa maziwa ya vuguvugu ambayo hadi leo nikiyakumbuka koo linakaza. Wakati wa joto, kreti iliyosimama juani tangu asubuhi ilikuwa hivyohivyo. Nina rafiki zangu wa shule ile ambao hawajagusa maziwa tena.

Shule za sekondari ziliondolewa maziwa hayo mwaka 1968, kisha mwaka 1971 yakaondolewa kwa watoto waliovuka miaka saba. Waziri wa elimu wakati huo alikuwa Margaret Thatcher na watu hawakumsamehe kwa hilo, ingawa waliotangulia kukata walikuwa chama kingine.

Ukweli Mtupu

Naheshimu kumbukumbu za wote, ila naomba na upande wa pili uandikwe, maana nimesoma hapo juu naona kila kitu ni kizuri.

Mama yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani Birmingham, anatoka nyumbani kabla maziwa hayajafika na kurudi jioni. Chupa ilishinda mlangoni. Siku za jua yalikuwa yameharibika, na si kuchacha tu: mwanga wenyewe unaharibu maziwa. Kioo cheupe kinapitisha mwanga, vitamini B2 inavunjika na maziwa yanapata harufu fulani ya kuungua. Mara nyingine chupa yenyewe ilikuwa imechukuliwa na mpita njia. Na kioo kinavunjika. Mdogo wangu alianguka na chupa mkononi akielekea jikoni, ana kovu la kiganja hadi leo, na vidole viwili havikunji sawasawa.

Utaratibu ule ulijengwa kwa kudhani kuna mwanamke nyumbani asubuhi, wa kupokea, kusuuza, na kumlipa mtu mwisho wa wiki. Wanawake walipotoka kwenda kazini, na friji zikaingia kila nyumba, boksi la karatasi la dukani liliwafaa. Mama alifurahi siku aliyosimamisha oda. Namwelewa.

Mzee Kitambo (mleta uzi)

Ukweli Mtupu, nakushukuru na pole kwa mdogo wako. Hayo yaliyosemwa ni kweli na ndiyo uzi wenyewe. La mwanga nalithibitisha. Mwenye nyumba wangu aliamka mapema mno kwa sababu hiyo hiyo, na aliwahi kuniambia kwamba yeye amefungwa na maziwa. Kwa mtu mwenye ajira haiwezekani.

Nataka tu kuongeza kwamba boksi la karatasi halikuwa geni. Mmarekani John Van Wormer alipata hataza ya boksi la kukunjwa mwaka 1915, na Tetra Pak, kampuni ya kutengeneza maboksi kama hayo, ilianzishwa Lund, Sweden, mwaka 1951. Kioo kiliendelea kutawala Uingereza miongo mingi baada ya hapo, wakati mbadala upo. Kwa hiyo kuna kitu watu walikuwa wanakipata zaidi ya maziwa, na Sista Mstaafu amekieleza vizuri kuliko mimi.

Tulisikia habari za mlangoni. Hakuna aliyefanya kazi upande wa kiwandani?

Fundi wa Lainini

Yupo. Nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja kaskazini mwa Uingereza, jina halina umuhimu, upande wa kuosha na kujaza. Niwapitishe ndani.

Kreti za chupa tupu zinarudi na magari kuanzia saa tatu hivi asubuhi. Chupa zinatolewa, zinaingia kwenye mashine ya kuosha kwa safu pana, kila moja kwenye mfuko wake wa chuma, na humo zinapinduliwa juu chini. Kwanza maji ya uvuguvugu, halafu dawa kali ya kostiki ya moto, halafu inarudiwa, halafu maji yanayopoa hatua kwa hatua hadi ya baridi safi. Lazima joto lipande na kushuka taratibu. Ukiitoa chupa kwenye moto ukaitupa kwenye baridi, inapasuka, na chupa moja ikipasuka ndani ya mashine unasimamisha safu nzima kutafuta vipande.

Zikitoka upande wa pili zinapita mbele ya ubao wa mwanga. Hapo anakaa mtu, na hapo ndipo nilipokaa mimi mwanzoni. Kazi yako ni kutazama chupa zikipita mbele ya mwanga mweupe na kutoa mbaya. Shingo iliyomeguka. Ufa wa unywele. Ukungu mkavu chini ambao kostiki haikuuweza. Macho yanachoka haraka mno, kwa hiyo hatukuachwa tukae muda mrefu, tulibadilishana. Anayekaa kupita kiasi anaanza kuona chupa moja ndefu isiyoisha na anaacha kuona kasoro.

Sasa nisikilizeni kwa hili. Adui mkubwa hakuwa uchafu wa maziwa. Ni watu waliotumia chupa yetu kwa kitu kingine. Mafuta ya taa. Rangi. Saruji ya kukorogea. Mtu anaweka brashi ya rangi kwenye chupa ya maziwa, akimaliza anaitoa mlangoni usiku, na mleta maziwa gizani anaibeba. Rangi na saruji utaziona kwenye mwanga. Mafuta ya taa huyaoni, na harufu yake inashikilia. Ndiyo maana kwenye chupa paliandikwa maombi ya kusuuza na kurudisha, na viwanda viliwasihi wateja wasiweke kitu kingine humo. Chupa iliyo salama ilikadiriwa kuzunguka mara 20 na zaidi kabla ya kuchoka. Chupa iliyowekwa mafuta ya taa safari yake imeisha siku hiyo.

Kujaza kulikuwa kwa kasi, ila kilichonivutia ni kofia. Foili haikuja ikiwa vifuniko vilivyokatwa. Ilikuja kwenye roli, ukanda mrefu, mashine inakata duara na kulikunja kwenye mdomo wa chupa kwa pigo moja, na ukanda uliobaki unatoka nyuma una matundu mfululizo. Tulikuwa na milima ya utepe huo wenye matundu. Watoto wa mtaani waliuomba kwa mapambo ya Krismasi.

Kelele sikuzisema. Kioo juu ya chuma, maelfu kwa maelfu, zamu nzima. Wazee wa pale waliongea kwa kutazamana midomo hata wakiwa nje kwenye bustani. Sikio langu la kushoto liliathirika na sijalipwa kitu. Hata hivyo nikishika chupa ile mkononi naona kazi iliyofanywa sawasawa.

Sista Mstaafu

Fundi, pole na sikio. Nimejisikia vibaya nikikumbuka wangapi hosteli yetu walichanganyia sabuni za kufulia kwenye zile chupa.

Mama Amani

Salamu kutoka Marekani. Huku mambo yalikuwa tofauti kidogo.

Nyumba tuliyonunua Cleveland ilijengwa miaka ya 1920. Ubavuni, karibu na mlango wa jikoni, kuna kijimlango cha mbao ukutani, kama sentimita 30 kwa 40. Kwa ndani kuna kingine kinachotazamana nacho, katikati pana nafasi ya unene wa ukuta. Niliuliza, nikaambiwa ni mlango wa maziwa. Mleta maziwa alifungua wa nje, akaweka chupa zilizojaa, akachukua tupu na noti yenye oda. Mwenye nyumba alifungua wa ndani akiwa na gauni la kulalia, hakuna baridi iliyoingia, na maziwa hayakupigwa jua. Dada Ukweli Mtupu, nadhani hapo wangekuwa wamemsaidia mama yako.

Jirani yetu mzee alikulia mtaa huu. Anasema kila mtoto wa enzi zake aliwahi kupenyezwa kwenye tundu hilo pindi funguo ziliposahaulika ndani. Anasema pia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia magari yaliacha kuja kila siku, yakaja siku moja yakipumzika moja, kuokoa petroli na matairi, na hata vita ilipoisha kila siku haikurudi. Kwa takwimu za wizara ya kilimo ya Marekani, mwaka 1963 karibu asilimia 30 ya maziwa yalikuwa bado yanapelekwa majumbani. Mwaka 1975 hayakufika asilimia 7. Miaka 12 tu!

Watu wengi wameziba tundu hilo kwa matofali. Sisi tumelipaka rangi tukaliacha. Mtoto wangu huweka humo viatu vya matope.

Baba Neema

Naomba mnisaidie. Niliokota chupa kadhaa sokoni kwenye vitu vya mitumba vya kale, nikashindwa kujua ipi ya zamani kweli. Mnazitambuaje?

Mkusanyaji

Baba Neema, nipo Pennsylvania na hii ndiyo shughuli yangu ya mwisho wa wiki, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Anza na mdomo. Chunguza ndani ya shingo, chini kidogo ya ukingo. Ukiona ngazi ndogo inayozunguka, hapo ndipo kilipokaa kifuniko cha kadi cha duara. Mtindo huo ulishika Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880. Kabla yake kulikuwa na vifuniko vya kioo vilivyobanwa kwa waya, mfano chupa ya Harvey Thatcher, mfamasia wa mji wa Potsdam, New York, wa mwaka 1884. Hizo ukizikuta kwa bei ya kutupa, muulize muuzaji maswali. Kabla ya chupa, maziwa yalipimwa kutoka kwenye dumu la wazi mlangoni, vumbi na mvua vikiingia, kila mteja na jagi lake. Kwa hiyo chupa iliyofungwa ilikuwa kwanza kabisa suala la afya.

Kisha fuata mshono kwa ukucha. Chupa zilizopulizwa kwa mdomo ndani ya kalibu mshono wake hufa kabla ya kufika ukingoni, kwa sababu mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Mashine ya kutengeneza chupa ya Michael Owens ilipoingia, kuanzia mwaka 1903, mshono ukapanda mpaka juu. Geuza kitako: ukikuta kovu la duara lisilo katikati sawasawa, lenye ukingo kama manyoya, ni alama ya mashine hiyo.

Maandishi nayo yanasema. Yaliyotokeza, ya kioo chenyewe, ndiyo ya mwanzo. Maandishi ya rangi iliyochomwa juu ya kioo yalienea kuanzia miaka ya 1930, na hapo ndipo chupa zikaanza kubeba picha, mashairi ya watoto, na wakati wa vita wito wa kununua hati za mkopo za serikali. Za umbo la mraba ni za miaka ya 1940 kuendelea, ziliokoa nafasi kwenye kreti na friji. Wengine hupenda pia zile zenye shingo ya uso wa mtoto, ambapo krimu inajaa kichwa chote. Ni nzuri, lakini zinatengenezwa upya pia, uwe makini.

La mwisho na ndilo linaloniudhi. Ukiona chupa ya zambarau iliyokolea, simama. Kioo cha zamani chenye madini ya manganizi hugeuka zambarau hafifu kikikaa juani miaka mingi. Wafanyabiashara wanakipitisha kwenye mionzi kinakuwa zambarau nzito kwa muda mfupi, wanauza kwa bei ya juu. Hilo haliongezi umri wala thamani. Linaharibu chupa iliyotunzwa miaka 100, na haliwezi kurudishwa bila kukipasha kioo moto mkali. Mimi sinunui, hata ikiwa ya mji nilikoishi.

Na soma jina la kiwanda, kila mara. Viwanda vingi vilikuwa vya familia moja na ng'ombe wachache, havina rekodi nyingine yoyote iliyobaki. Chupa ndiyo inayosema kwamba walikuwepo.

Kijana wa Bristol

Wazee wangu, shikamooni. Niwape habari njema: hazijafa.

Mimi napokea maziwa ya kioo hapa Bristol sasa hivi. Naweka oda kwa simu usiku, alfajiri yapo. Mleta maziwa anatumia gari la umeme la kisasa. Oda ziliongezeka baada ya zile filamu za mwaka 2017 kuhusu plastiki baharini, zikapanda tena mwaka 2020 watu walipozuiwa kutoka. Bei ni kubwa kuliko ya dukani, nisiwadanganye, na kwa familia kubwa itauma. Mimi nalipa kwa hiari, kwa sababu chupa inarudi kiwandani na kwa sababu namjua jina anayeniletea. Hata mambo ya kijikaratasi yapo: watoto wangu humwandikia, naye hujibu nyuma ya karatasi.

Niliyoyapata hapa kwa Fundi wa Lainini nimeyafanyia kazi leo leo. Nilikuwa natoa chupa bila kusuuza nikidhani kiwanda kitajua chenyewe.

Swali: nimerithi kwa mwenye nyumba chupa mbili za kale zenye picha nyekundu ya ng'ombe. Naweza kuwawekea watoto maziwa humo?

Fundi wa Lainini

Kijana, marahaba. Usiwawekee. Pitisha kidole ukingoni kwanza: chupa ya umri huo mara nyingi ina mmeguko mdogo ambao jicho halioni ila mdomo wa mtoto utauona. Hiyo peke yake inatosha kuikataa. Pale kwetu ingeondolewa laini bila mjadala.

Mkusanyaji

Naunga mkono, na niongeze: rangi nyingi za zamani zilizochomwa kwenye kioo, hasa nyekundu na njano, zilikuwa na madini ya risasi au kadimiamu, ambayo ni sumu. Ipo kwa nje, lakini mtoto anashika na mikono inaenda mdomoni. Zitumie kwa maua. Usizitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo, rangi inafifia na kioo kinapata ukungu usiotoka. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, na usisugue juu ya picha. Halafu tuwekee hapa jina la kiwanda lililoandikwa, herufi kwa herufi, pamoja na alama za kitakoni. Nitakutafutia.